Kiti cha Behewa la Nne

Maiti ilikuwa imefunikwa shuka, na jambo hilo lilimkera Inspekta Loisi Chidawali tangu alipovuka kizingiti.

Wauaji aliowajua yeye walikuwa wa aina mbili: wanaokimbia wakaacha kila kitu wazi, na wanaoficha. Huyu hakufanya moja wala jingine. Alimlaza marehemu chali, akamnyoosha miguu, akamfunika shuka jipya jekundu lenye mistari myeusi na kuchomeka pindo zake chini ya mabega, mtu anavyomfunika mtoto asipigwe na baridi. Kisha akauvuta mlango ukajifunga, akaenda zake.

"Nani amemfunika?" Loisi aliuliza.

"Tumemkuta hivyo, afande," alijibu Koplo Bushiri. "Mkewe naye anasema alimkuta hivyo alipofungua duka asubuhi. Akamfunua, akamwinua kichwa, akamfunika tena kama alivyomkuta. Ndiyo maana ana damu kwenye baibui."

"Yuko wapi huyo mke?"

"Mahabusu. Mkuu wa upelelezi kaagiza awekwe ndani."

Marehemu aliitwa Mustapha, na Majengo nzima ilimjua. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza mchele: mashine ya fotokopi, kompyuta moja, benchi la wateja, na bango mlangoni lililosema, "Tiketi za treni, hata za dakika za mwisho." Bango halikudanganya. Msimu wa sikukuu, treni ya umeme ikijaa na watu wakikata tamaa, ulikuwa unaambiwa nenda kwa Mustapha. Hukuambiwa anavipata vipi viti hivyo, na mwenye shida haulizi.

Jeraha lilikuwa kisogoni. Kona ya mashine ya fotokopi, chuma kitupu, ilikuwa na damu iliyokauka na nywele. Silaha haikuwapo. Simu ya marehemu ilikuwa mezani, droo yake imefungwa kama alivyoifunga mwenyewe. Daktari alimkagua, akasema alifariki jana jioni, kati ya alasiri na isha, zaidi ya hapo asilazimishwe kubahatisha. Aliongeza jambo moja akiwa anavua glavu: mtu huyu hakufa papo hapo. Alilala pale kwa muda.

Loisi aligusa kipanya cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. Kioo kikaamka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa bado wazi: malipo yamepokelewa, Dodoma kwenda Dar es Salaam, treni ya asubuhi, behewa la nne, kiti cha thelathini na saba. Abiria: Erica Masima.

Akausoma tena, kisha akanyooka mgongo.

"Vipi, afande?"

"Kiti hiki nakijua," alisema Loisi.

Alikijua vizuri mno. Mpwa wake alikuwa anaagwa Dar kabla ya harusi, na shangazi ndiye aliyetakiwa kumkabidhi kitenge mbele za watu. Loisi, kwa kazi zake, alikumbuka tiketi treni ikiwa imeshajaa. Mwenzake mmoja ofisini akamfundisha: usikate tamaa, kaa hapo hapo mtandaoni. Mtu akishika kiti asipokilipia, muda ukiisha mfumo unakirudisha. Ukikiona kimegeuka kijani, bofya, usifikiri. Basi jana jioni alisimama jikoni kwake Miyuji, mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Msikiti wa jirani ulipoanza kuadhini magharibi, kiti kimoja kikageuka kijani. Behewa la nne, thelathini na saba. Loisi alibofya. Mtu akamwahi. Alitukana peke yake jikoni, ugali ukaungua.

Kwa hiyo aliyemwahi alikuwa amekaa kwenye kompyuta hii. Na alikuwa amekaa hapa adhana ikipigwa.

Akaenda kwa fundi cherehani wa jirani, Hanifu, mzee mwenye futi ya kupimia shingoni na habari za mtaa mzima mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Msiba huu umetuvunja."

"Jana adhana ya magharibi ilimkuta wapi jirani yako?"

"Msikitini, kama kawaida. Au..." Hanifu alisita. "Nilipotoka niliona mlango wake umefungwa. Nikajua ametangulia. Lakini safuni sikumwona."

"Angeweza kuwa ndani bado anafanya kazi?"

"Mustapha? Hapana. Kwa mambo mengine tunamwombea, ila swala alikuwa haichezei. Muadhini akikohoa tu, yeye ameshainuka. Hata mteja awe amemshika shati."

Loisi akamuuliza kuhusu tiketi. Hanifu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyewahi kulizwa, akasema Mustapha alikuwa hamwonyeshi mteja kitu. Kila safari aliandika namba yake mwenyewe ya simu ili ujumbe wote umfikie yeye, na wewe ukae benchini umsubiri. Hata mama yake Hanifu alipokwenda Dar alisafiri kwa namba ya Mustapha.

"Na ugomvi na mkewe?"

"Huo tuliusikia wote. Jana mchana, wamejifungia humo ndani. Watu wanasema anataka kuongeza mke. Mimi sikusikia maneno, nilisikia sauti."

Loisi alirudi kwenye kompyuta. Chini ya jina la Erica Masima kulikuwa na namba ya simu. Aliilinganisha na namba kubwa iliyochorwa kwenye bango la mlangoni. Hazikufanana.

Alimkuta Khairat ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, damu ya mumewe imekakamaa kwenye mikono ya baibui lake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa watoto kwenye madrasa ya Bi Waridi, na hakuwa analia. Loisi aliona huyu amekusudia kutolia mbele ya askari, akamheshimu kwa hilo.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Watamzika lini?"

"Baada ya swala ya alasiri. Hospitali wamekubali kuutoa mwili mapema."

"Niruhusuni nimwone. Mnaweza kunirudisha hapa baadaye, mnifunge miaka mnayotaka. Nimwone kabla jeneza halijatoka, basi. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Likishatoka mlangoni, kwangu ndiyo mwisho."

"Niambie mligombania nini jana."

"Sitakuambia."

"Mama, ndicho kinachokuweka hapa."

"Najua. Ila siwezi kumsema mume wangu akiwa bado hajazikwa. Muulize mtu mwingine ubaya wake."

"Ni mke wa pili?"

Khairat alitabasamu kwa uchungu. "Ingekuwa hilo ningekwambia. Hilo si ubaya."

"Magharibi ulikuwa wapi?"

"Kwa Bi Waridi. Tulikuwa na dua. Msimu huu mume wangu analala dukani, anasema viti vinarudi saa yoyote, kwa hiyo sikumtafuta usiku."

Loisi alimwendea mkuu wa upelelezi na hoja zake mbili, adhana na namba ya simu. Mkuu alimsikiliza akiwa anachovya andazi kwenye chai. Alisema adhana si kielelezo cha mahakamani. Alisema wanawake wa dua ni mashoga wa mtuhumiwa, watasema lolote. Mwanamke alikuwa na ufunguo, alikuwa na ugomvi, alikuwa na damu. Niletee mtu mwingine, alisema, nami nitamtoa huyu kabla hujakaa chini. Loisi alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

Akaipiga ile namba. Ikapokelewa na mwanamke, nyuma yake kelele za watu na magurudumu ya mabegi.

Erica Masima alidhani amepigiwa na hospitali ya Dodoma. Kabla Loisi hajajitambulisha vizuri, alikuwa ameshaeleza kwamba wamefika salama, wanatafuta usafiri, mtoto anaendelea vizuri ila midomo imebadilika rangi kidogo. Loisi alimwacha aongee. Mtoto, Devota, ana tundu kwenye moyo. Kuna madaktari wageni wanaofanya upasuaji, wanaondoka wiki hii, na nafasi zilikuwa zimejaa tangu zamani. Juzi wakapigiwa: mtoto mmoja amepata homa, nafasi imebaki, mleteni wa kwenu. Kwa basi daktari wa Dodoma alikataa, alisema mtoto hatastahimili safari ndefu ya kubanana. Mume wangu Sila ndiye aliyehangaikia tiketi, alisema Erica. Alishinda dukani kwa mtu kutwa nzima.

"Yeye yuko wapi sasa?"

"Hapo hapo Majengo, sokoni, kwenye maharage. Tulishuka na mzigo kutoka Kibakwe. Ukimwona mwambie mle ndani ya treni kuna baridi. Tulimnunulia mtoto shuka kwa ajili hiyo, akalisahau huko alikokuwa anahangaika. Nimemfunika kwa kanga yangu."

Loisi alisema atamwambia. Alipokata simu alibaki ameishika mkononi. Alikuwa ametaka muuaji awe mtu wa kuchukiza, na hakumpata.

Sila hakuwa na haja ya kutafutwa. Alikuwa ameketi juu ya gunia lake mwishoni mwa safu ya wauza maharage, mwembamba, shati moja mwilini, simu kwenye kiganja kilicho wazi. Wateja walikuwa wanapita mbele yake naye hawaoni. Loisi alimwacha Bushiri hatua chache nyuma, akaketi kwenye gunia la jirani.

"Mbukwenyi, baba Devota."

"Mbukwa," yule mtu aliijibu salamu ya Kigogo kwa mazoea. Kisha akaziona sare za Bushiri.

"Mkeo amefika salama," alisema Loisi. "Nimeongea naye. Wako njiani kwenda hospitali."

Sila alifumba macho, akayafumbua. "Asante."

"Shuka la mtoto liko wapi?"

"Limepotea."

"Limepotelea wapi?"

Sila alitazama simu yake.

"Mimi ni Inspekta Loisi, wa upelelezi. Hulazimiki kunijibu, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kuna mwanamke yuko mahabusu tangu asubuhi. Mke wa Mustapha. Mumewe anazikwa baada ya alasiri, na asipotoka sasa hatamwona tena."

Yule mtu aligeuka mzima mzima. "Mkewe? Mkewe amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Alikuwa na ufunguo wa duka, na watu walisikia wanagombana."

"Lakini hakuwepo. Alishaondoka zamani." Sila alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi nilikuwa nangoja simu tu. Nilisema wakimpokea mtoto, nakuja kituoni mwenyewe. Sikujua kuna mtu mwingine amekamatwa. Afande, mtoeni. Mimi ndiye."

Loisi alimwashiria Bushiri ampigie mkuu. Kisha akamwambia Sila akae, aeleze taratibu.

Hakuwa na la kuficha. Mustapha alikuwa amemwahidi kiti asubuhi. Kaa benchini, alimwambia, kiti chako ninacho, ngoja nikutengenezee. Sila akakaa. Mchana kutwa alimtazama akifanya kazi, na taratibu akaelewa. Mustapha alikuwa anashika viti kwa majina ya watu ambao hawapo, halipii, muda ukikaribia kuisha anaviacha na kuvidaka upya hapo hapo. Kila kiti kilichobaki kwenye treni ile kilikuwa mikononi mwake, ndiyo maana wengine wote walikuwa wanaambulia patupu. Mchana mkewe alikuja na chakula. Sila akaombwa asubiri nje, akasikia wanazozana. Yule mama alipotoka alimtazama Sila, akamwambia pole, akaondoka.

"Jioni simu ikaita," alisema Sila. "Akaongea na mtu kwa heshima nyingi. Ndiyo mheshimiwa, kipo mheshimiwa. Akakata, akaniambia mambo yamebadilika, nije wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo madaktari hawapo. Akasema basi niombe Mungu. Akataka kubofya, nikamshika mkono. Akanisukuma. Nami nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Sikupiga, afande. Nilisukuma."

"Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anakoroma."

"Halafu?"

Mwanamke mmoja alikuja kuuliza bei ya maharage, akazitazama nyuso zao, akaondoka bila kujibiwa.

"Halafu adhana ikaanza," alisema Sila. "Nikatazama kwenye kioo. Muda wa kile kiti ulikuwa umeisha, na yeye yuko chini, hakuna wa kukidaka. Kikageuka kijani."

Loisi alijua swali linalofuata, na hakupenda kuliuliza. Aliuliza kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Ulibofya kwanza, au ulimgusa kwanza?"

Sila aliiweka mikono chini ya mapaja.

"Nilibofya kwanza," alisema. "Nilijua kuna watu wengi huko nje wanakisubiri, vidole viko tayari. Ningegeuka tu, kingekwenda. Nikaandika jina la mama Devota kwa kidole kimoja, nikaandika na namba yake. Ikaja namba ya malipo, nikalipa kwa simu. Nilipomgeukia alikuwa kimya. Nikamwita. Nikamwita sana. Nikamlaza vizuri, nikamfunika, maana sakafu ilikuwa ya baridi."

"Ungeweza kuita watu hata hapo."

"Wangenikamata. Nani angempeleka mtoto stesheni alfajiri? Mama yake hajui mji." Aliinua macho. "Ningeita watu mara tu alipoanguka, angepona?"

"Daktari hajui," alisema Loisi. Ulikuwa ukweli, na haukumsaidia yeyote kati yao.

Hakumwambia kwamba mmoja wa wale wenye vidole tayari alikuwa yeye. Alifikiria mwiko, ugali na matusi yake ya jikoni. Laiti kidole chake kingekuwa chepesi zaidi jana, asubuhi hii angekuwa amelala kwenye kile kiti, kitenge cha mpwa mapajani, na Devota angekuwa juu ya magunia haya. Mustapha angekuwa amekufa vilevile, au labda angepata mtu wa kumwahisha hospitali, kwa kuwa Sila asingekuwa na kitu cha kubofya. Aliligeuza hilo kila upande, akaliacha.

Mkuu alitimiza neno. Walipofika kituoni, Khairat alikuwa anavalishwa baibui safi alilotumiwa na Bi Waridi. Loisi alimpeleka mwenyewe kwa gari la polisi. Njiani alimwambia ni nani na ilikuwaje, kwa maneno machache.

"Yule aliyekuwa benchini," alisema Khairat. "Yule mwenye mtoto mgonjwa."

"Ulijua?"

"Mume wangu aliniambia mwenyewe, anacheka. Nikamwambia, Mustapha, mpe mtu huyu kiti chake, usiwachezee watu wenye shida. Ndiyo hizo kelele zilizosikika." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sasa umekisikia ulichotaka. Usikiseme mbele za watu leo."

"Sitakisema."

Walikuta jeneza liko ukumbini, limeshafunikwa kitambaa cha kijani, wanaume wamejipanga nje. Wakamfunulia uso. Khairat aliinama, akamwambia mumewe maneno ambayo Loisi hakuyasikiliza, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Ndipo alipolia, kwa sauti, na wanawake wakampokea. Wanaume wakalibeba jeneza mabegani, likatoka mlangoni.

Kituoni Sila alikuwa ameketi mbele ya meza, pingu mikononi. Kwenye kona, ndani ya mfuko wa vielelezo, lilikuwa limekunjwa lile shuka jekundu. Simu yake iliyokuwa mezani ikaanza kuita. Bushiri alimtazama Loisi. Loisi akaipokea, akaweka sauti ya juu, akaisogeza.

"Baba Devota," ilisema sauti ya Erica. "Wamempokea. Kesho asubuhi anaingia wa kwanza. Amekula na uji kidogo. Unasikia?"

"Nasikia."

"Mbona sauti yako hivyo? Usilie, wewe. Tumeshawahi." Kulikuwa na kishindo cha mlango kufungwa huko Dar, kisha sauti ikarudi. "Na lile shuka umelipata? Huku nako wodini kuna baridi, nilitaka umpe mtu wa basi aniletee."

Sila alilitazama shuka ndani ya mfuko, akamtazama na Loisi.

"Nimeliona," alisema Sila. "Ila haliwezi kuja. Mfunike kwa kanga yako tu."

Loisi aliizima simu, akaiweka kwenye mfuko wake wa vielelezo, akavuta kiti na kuanza kuandika maelezo.